MAZUNGUMZO YA 12: Baba Watoto Anapoanza Matibabu ya Saratani

Kama kazi za asubuhi zimekwisha, keti kidogo tuzungumze. Kama hazijakwisha, endelea kuosha vyombo huku ukinisikiliza.

Katika mazungumzo yaliyopita tulijifunza dalili za saratani, ugonjwa ambao wengi wetu huuita kansa. Leo tunasonga mbele hatua moja. Tuseme vipimo vimekwisha, daktari ameutaja ugonjwa kwa jina lake, na baba watoto amepewa tarehe ya kuanza kuwekewa dawa. Wewe mke wake utafanya nini?

Akina mama wengi huniuliza swali hili. Mara nyingi huniuliza tukiwa tumesimama mlangoni, kwa sauti ya chini ili mgonjwa asisikie. "Sista, mimi sikusomea mambo ya hospitali. Nitamsaidia na nini?" Nami huwajibu hivi: dawa huwekwa hospitalini kwa siku moja, lakini siku 20 zinazofuata mgonjwa yuko nyumbani kwako. Daktari hayuko hapo. Mimi siko hapo. Macho yaliyoko hapo ni yako. Kwa hiyo usijione mtazamaji tu, wewe ni sehemu ya matibabu.

KEMO NI NINI?

Kemotherapi, au kemo kama wengi wanavyoiita, ni dawa kali za kuua chembe za saratani. Nyingine hupitia kwenye mshipa kwa dripu, nyingine ni vidonge vya kumeza. Dawa nyingi hutolewa kwa mizunguko, na mara nyingi mzunguko mmoja ni wiki tatu. Mgonjwa hupata dawa, kisha mwili hupumzika, kisha hurudi tena.

Kwa nini mwili upumzike? Kwa sababu dawa hii hushambulia chembe zinazozaana upesi. Saratani huzaana upesi, lakini hata chembe nzuri za mwili, kama zile za mdomoni, tumboni, kwenye nywele na kwenye damu, nazo huzaana upesi. Hizo pia huumia kwa muda. Ndiyo maana mgonjwa hutapika, hupata vidonda mdomoni, huchoka, na wengine hukatika nywele. Si kila dawa hukata nywele. Muulize daktari kuhusu dawa aliyopewa mzee wako, usichukue habari za jirani aliyetibiwa saratani nyingine.

Na ukumbuke jambo hili: saratani haiambukizi. Hakuna haja ya kumtengea sahani, kikombe wala kitanda. Mgonjwa anayetengewa kikombe chake peke yake huumia moyo kabla dawa haijamgusa.

KABLA YA SIKU YA KWANZA

Tafuta daftari moja dogo. Hilo ndilo litakuwa daftari la mgonjwa. Andika jina la ugonjwa, majina ya dawa za kemo, tarehe ya kila dawa, na dawa nyingine zote anazotumia, kwa mfano za kisukari au za shinikizo la damu. Andika nambari ya simu ya kliniki ya saratani. Kisha uliza: nikipiga usiku nani atapokea? Kama hakuna, niende wapi? Pata jibu kabla hujatoka hospitalini.

Jambo la pili ni malipo. Tangu Oktoba 2024, SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Hakikisha mmesajiliwa na michango yenu imelipwa. Kama hujasajili, waweza kubonyeza *147# kwenye simu. Nenda ofisi ya bima pale hospitalini siku kadhaa mapema, uulize kama idhini ya matibabu imetoka na ni kiasi gani kimebaki. Nimewaona wagonjwa wakisafiri tangu saa tisa usiku, wakafika na kuambiwa idhini bado.

Jambo la tatu ni umbali. Zamani mgonjwa wa saratani alijua Kenyatta, Nairobi, basi. Siku hizi kuna vituo vya saratani vya umma hata Eldoret, Nakuru, Mombasa na Garissa, na hospitali kadhaa za kaunti hutoa kemo. Uliza kama mzee wako anaweza kupata dawa karibu na nyumbani. Nauli ya mizunguko minane si mchezo.

Jambo la nne, ambalo wengi huona haya kulitaja, ni uzazi. Kama bado mnataka watoto, mwambieni daktari kabla ya dawa ya kwanza, kwa sababu dawa nyingine hudhuru mbegu za mwanamume. Wakati wa matibabu msipate mimba. Tumieni mpira, na muulize mwendelee kuutumia kwa muda gani baada ya matibabu.

SIKU YA DAWA

Kwanza atatolewa damu kupimwa. Kama chembe za damu ziko chini, daktari anaweza kuahirisha dawa. Usivunjike moyo. Kuahirisha wiki moja si kushindwa, ni kumlinda mgonjwa.

Mpe chakula chepesi kabla ya kutoka. Beba sweta, maji na kitu cha kutafuna. Dripu ikianza, mwambie asivumilie kimya. Mkono ukiwaka au kuvimba pale sindano ilipo, au akianza kushindwa kupumua au kuwashwa, mwite muuguzi saa hiyo hiyo. Wanaume wetu wamefunzwa kuvumilia. Hapo uvumilivu ni hatari.

WIKI YA KWANZA NYUMBANI

Dawa za kuzuia kutapika mpe kwa saa zake, hata kama hajaanza kutapika. Kichefuchefu kikishaanza ni vigumu kukituliza. Badala ya sahani moja kubwa ya ugali, mpe kidogo kidogo mara sita kwa siku: uji, viazi vilivyopondwa, mayai yaliyoiva, ndizi, supu. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ikimchafua roho, pikia nje au mpe chakula kilichopoa kidogo. Chai ya tangawizi huwasaidia wengine.

Asukutue mdomo mara kwa mara kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo, na atumie mswaki laini.

Maji ya kunywa yachemshe. Maziwa yachemshe, na ya mgando yasiyochemshwa aache kwa sasa. Nyama na mayai yaive kabisa. Matunda yaoshwe vizuri na kumenywa. Kachumbari ya hotelini asiile. Nyote nyumbani nawa mikono kwa sabuni, na mwenye mafua asimkaribie.

Kwa siku mbili hivi baada ya dawa, mkojo, kinyesi na matapishi ya mgonjwa huwa na mabaki ya dawa. Vaa glavu unapovishika. Nguo zilizochafuka zifue peke yake. Choo cha shimo kifunikwe baada ya kutumia. Mama mjamzito asifanye kazi hii, amwachie mwingine. Vidonge vya kemo visipondwe, visishikwe ovyo, na viwekwe mbali na watoto.

Hebu nikupe mfano. Kuna mama mmoja katika sehemu ninayohudumu, huku kwetu kwenye baridi, ambaye mumewe alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, kisha akaanzishiwa dripu ya oksaliplatini pamoja na vidonge. Dawa hiyo ya dripu humfanya mtu asivumilie baridi kwa siku kadhaa. Asubuhi ya pili mzee aliamka, kama kawaida yake, akaenda kukamua ng'ombe. Aliposhika ndoo ya chuma, vidole vilimchoma kama ameshika miiba. Akanywa maji ya mtungi, koo likambana. Alidhani anakufa. Lakini mkewe alikuwa ameandika kwenye daftari: "Asiguse baridi. Maji ya vuguvugu. Soksi na glavu." Akamfunika, akampa maji ya moto kidogo, hali ikatulia. Mstari mmoja wa daftari ulizuia fujo kubwa.

Vidonge vile naye alivimeza baada ya chakula, asubuhi na jioni, kwa wiki mbili, kisha wiki moja ya kupumzika. Kama mzee wako anatumia dawa ya aina hii, mwangalie viganja na nyayo. Zikiwa nyekundu na kuuma, au akiendesha zaidi ya mara nne kwa siku kuliko kawaida yake, piga simu kliniki kabla ya kumpa kidonge kinachofuata.

HOMA: USINGOJE ASUBUHI

Sasa mama, kama unaosha vyombo, viweke chini. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Tulisema dawa hii huumiza hata chembe za damu. Chembe nyeupe ndizo askari wa mwili. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, askari hao huwa wachache sana. Kidudu kidogo ambacho siku nyingine kingeleta mafua tu, sasa chaweza kuingia kwenye damu na kumuua mtu kwa saa chache. Na ishara yake mara nyingi ni moja tu: homa.

Nilipoanza kazi hii, nilikuwa na mgonjwa mmoja, baba wa watoto wanne. Nilimwambia mkewe, "Akipata homa, mrudishe hospitali." Nikadhani nimemaliza. Siku ya tisa, Jumamosi jioni, mzee akaanza kutetemeka. Mama akafikiri ni malaria. Akampa paracetamol, joto likashuka, wote wakalala. Jumapili homa ikarudi, akampa tena. Walisema wangoje Jumatatu kliniki ifunguliwe. Jumatatu walifika, lakini mzee hakuwa akijua yuko wapi. Hakurudi nyumbani.

Mama yule hakukosa. Alifanya yale kila mmoja wetu hufanya mtu akipata homa. Mimi ndiye niliyekosa, kwa maana sikumwambia homa ni joto la kiasi gani, wala kwamba paracetamol huficha homa bila kuondoa ugonjwa, wala kwamba hata usiku, hata Jumapili, ni lazima kuondoka. Tangu siku hiyo huwa siachi nyumba kabla mke hajanirudishia maneno haya kwa kinywa chake mwenyewe. Nawe yarudie pamoja nami:

Kwanza, nunua kipimajoto, ile themomita ya dukani la dawa, kabla ya kemo ya kwanza. Jifunze kuisoma mchana, usiku usije ukahangaika.

Pili, mpime akisema anasikia baridi, akitetemeka, au akionekana si yeye. Mpime KABLA ya kumpa dawa yoyote ya kutuliza.

Tatu, ikisoma 38 au zaidi, ondokeni. Hata ikisoma chini kidogo lakini anatetemeka, anapumua haraka, au amechanganyikiwa, ondokeni. Kama huna kipimajoto na mwili wake unachoma, ondokeni vilevile.

Nne, nenda hospitali yoyote iliyo karibu yenye kulaza wagonjwa na inayofanya kazi usiku. Ukifika, usianze na historia ndefu. Sema hivi: "Huyu aliwekewa kemo tarehe fulani, na sasa ana homa." Toa daftari. Wapime malaria, ni sawa, hasa kama mnaishi sehemu zenye mbu. Lakini hata malaria ikipatikana, waambie tena habari ya kemo, kwa sababu anahitaji kuangaliwa damu na kuanzishiwa dawa ya viuavijasumu kwenye mshipa bila kukawia.

Tano, panga safari ya usiku mchana. Zungumza na jirani mwenye gari leo. Weka nauli ya usiku mahali pake, na pesa hizo zisiguswe hata kwa sukari. Mtu dhaifu kumpandisha boda boda usiku wa manane si jambo la kutegemea.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa mgonjwa wa kemo, ngoja ngoja huua.

Yule mama wa mzee wa ng'ombe aliyarudia maneno haya mbele yangu mara tatu, mpaka mumewe akacheka. Katika mzunguko wa tatu, usiku wa siku ya kumi, kipimajoto kilisoma 38.6. Mzee alisema, "Acha, kesho nitakuwa sawa." Mama hakubishana. Alimpigia jirani, akachukua daftari, wakaondoka saa nane usiku. Mzee alilazwa siku tano na akarudi nyumbani. Mpaka leo husema kwamba mkewe ni mkali kuliko ugonjwa.

MOYO WA MGONJWA

Mwanamume aliyezoea kulisha nyumba, akiona mkewe anamshika mkono kwenda chooni, huumia. Maumivu hayo wakati mwingine hutoka kama hasira. Atakukaripia kwa sababu ya chai. Atanyamaza siku mbili. Usiseme "jikaze", wala "usifikirie mambo hayo". Keti karibu naye. Muulize, "Leo ni nini kinachokusumbua zaidi?" Kisha nyamaza, umsikilize.

Mwachie kazi anazoweza. Ada ya shule ijadiliwe naye. Mtoto amletee daftari la hesabu amsahihishe. Kama ndiye aliyekuwa akiongoza sala ya jioni, aendelee kuiongoza. Ugonjwa haujamwondoa kwenye kiti cha baba.

Akisema hataki kurudi kwa dawa ya pili, usimfokee wala kumbembeleza kwa machozi. Tafuta sababu. Huenda ni kutapika, na kuna dawa nyingine ya kuzuia. Huenda anahofia kuuza shamba. Huenda ana maumivu ambayo hajamwambia mtu. Maumivu yana dawa, na wahudumu wa hospisi wamesomea hasa kazi hiyo. Hospisi si mahali pa kupelekwa kufa tu. Nairobi Hospice imekuwa ikihudumia wagonjwa tangu 1990, na hospitali nyingi za kaunti sasa zina kitengo cha kutuliza maumivu. Waulize.

WATOTO, WAKWE NA MITISHAMBA

Watoto wanajua kuna jambo. Ukinyamaza, watajaza wenyewe, na mara nyingi watajaza kitu kibaya kuliko ukweli. Waambie kwa maneno machache: "Baba ana ugonjwa unaoitwa saratani. Anapata dawa kali. Atachoka. Si kosa la mtu, na hamtaambukizwa."

Ama kuhusu wakwe, wengine watakuja na chupa ya mitishamba, wengine na jina la mwombezi. Mama mkwe anampenda mwanawe kama wewe unavyompenda mume wako, usimrudishe kwa matusi. Mshukuru, kisha mwambie, "Mama, daktari amesema tusimchanganyie kitu bila kumuuliza, kwa sababu ini na figo zake zinafanya kazi ngumu. Twende naye kliniki siku ijayo, uulize mwenyewe." Maombi hayagongani na dripu. Lakini anayemwambia mgonjwa aache dawa ili aonyeshe imani, huyo usimfuate.

NA WEWE MAMA

Kidole kimoja hakivunji chawa. Watu wakisema "tuambie kama kuna kitu", waambie kitu. Huyu akuchotee maji Jumanne. Yule awapeleke watoto shule siku ya kliniki. Chama kikuchangie nauli badala ya kuja kumi kwa pamoja kukaa na mgonjwa aliyechoka. Lala anapolala. Kula anapokula. Na ukitaka kulia, lia. Nenda kwa mtu mmoja unayemwamini, ulie, ujipanguse, urudi. Kulia si kukosa imani.

Siwezi kukuahidi kwamba kila mgonjwa atapona. Wengine hupona, wengine huongezewa miaka, wengine hatuwezi kuwashika. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kuna vifo ambavyo haviletwi na saratani bali na usiku mmoja wa kungoja. Hivyo tunaweza kuvizuia, mimi na wewe.

Kwa leo ni hayo tu. Katika mazungumzo yajayo tutaongea juu ya chakula cha mgonjwa asiye na hamu ya kula.

YA KUKUMBUKA
1. Daftari moja: dawa, tarehe, nambari za simu.
2. Kipimajoto nyumbani kabla ya kemo ya kwanza.
3. Joto la 38 au zaidi: hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.
4. Pima kabla ya paracetamol.
5. Maneno ya kwanza ukifika: "Aliwekewa kemo tarehe fulani, ana homa."

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI
1. Hapa kijijini kwetu, usiku wa manane, ni nani mwenye gari tunayeweza kumwamsha?
2. Ni hospitali gani ya karibu inayolaza wagonjwa na kufanya kazi usiku?
3. Chama chetu kinaweza kumsaidiaje mama anayemtunza mgonjwa wa saratani?
4. Mtu akileta mitishamba, tutamjibu vipi bila kuvunja undugu?